Damu Haigusi Seli: Tahakiki ya Msamiati wa Lishe ya Mwili

Iko sentensi moja ambayo kila mwalimu wa sayansi ataitambua mara aisikiapo, ijapokuwa huenda asikumbuke aliisoma wapi. Husema, kwa maneno haya au yaliyo jamaa yake, kwamba damu huchukua hewa safi na chakula na kuvipeleka katika kila sehemu ya mwili, kisha hurudi na hewa chafu ili itolewe nje. Sentensi hiyo imekaririshwa darasani, imetiwa katika vijitabu vya afya, na mpaka leo huletwa kwa maafisa istilahi ikiwa ndani ya tafsiri mpya, kana kwamba ni methali isiyoguswa. Kiswahili chake ni kizuri. Mpangilio wake ni mwepesi, na mtoto wa darasa la nne aweza kuishika kwa siku moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba takriban kila nomino iliyomo humo yapotosha, na kwamba sentensi yenyewe hukatika mahali hasa ambapo habari ya lishe ya mwili huanza.

Tuanze na hewa safi. Katika lugha ya kila siku maneno hayo yana maana iliyokamilika: ni hewa isiyo na vumbi, moshi wala uvundo. Mtu atokaye mjini kwenda shamba husema amepata hewa safi, wala hakuna atakayemsahihisha. Mwandishi wa sayansi akiyachukua maneno hayohayo na kuyatumia kwa maana ya oksijeni, hawezi kuiacha nyuma ile maana ya kwanza. Itamfuata msomaji hadi ndani ya mapafu. Oksijeni si hewa iliyosafishwa. Ni gesi moja miongoni mwa gesi zilizochanganyika katika hewa, nayo ni sehemu 21 hivi katika kila 100. Kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hewa ni safi kuliko ya Kariakoo, na oksijeni ni zilezile sehemu 21 katika 100. Lakini mgandamizo wa hewa huko umeshuka hadi nusu hivi ya ule wa pwani, na mpanda mlima huhema hata akiwa amesimama. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mwili wahitaji hewa safi hana njia ya kulieleza jambo hilo.

Mwenzake, hewa chafu, ni mbaya zaidi. Pumzi tuitoayo ina kaboni dayoksaidi sehemu 4 hivi katika 100, lakini oksijeni iliyobaki ndani yake bado ni sehemu 16 hivi. Ndiyo sababu mtu aliyezama majini aweza kuokolewa kwa kupulizwa pumzi ya mwenzake mdomoni. Mkufunzi wa huduma ya kwanza ambaye jana alifundisha kwamba pumzi itokayo ni hewa chafu, leo anawataka wanafunzi walewale waipulize hewa hiyo ndani ya mapafu ya mgonjwa. Wakimwuliza kwa nini, atawajibu nini?

Kutoka katika hewa, usafi na uchafu umehamishiwa katika damu. Husemwa kwamba ateri ni mshipa uchukuao damu safi, na vena ni mshipa uchukuao damu chafu. Maelezo hayo yana kasoro ya kisayansi iliyo wazi, kwani ateri itokayo moyoni kwenda mapafuni huchukua damu yenye oksijeni kidogo, na vena zitokazo mapafuni huleta damu yenye oksijeni nyingi. Ateri ni mshipa utoao damu moyoni, na vena ni mshipa uirudishao, basi, yatosha. Fauka ya hayo, damu inayoitwa chafu, mtu akiwa ametulia, bado ina kama robo tatu ya oksijeni iliyoondoka nayo moyoni. Na mitaani maneno damu chafu yana wenyewe: ni damu iletayo majipu na chunusi, ile ambayo wauza dawa hudai kuisafisha kwa chupa moja asubuhi na jioni. Kitabu cha shule kitumiapo maneno hayo humpa mchuuzi huyo hati asiyostahili.

Wako watakaopinga kwamba istilahi haidaiwi ukweli wa asili yake, na hoja yao si ya kupuuzwa. Neno ateri lenyewe latokana na Kigiriki, na wataalamu wa kale kama Erasistratus, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, waliamini kwamba ateri hubeba hewa, wala si damu. Oksijeni nayo ilipewa jina hilo na Lavoisier katika miaka ya 1770 kwa maana ya kizaa asidi, kwa kuwa alidhani kila asidi inayo oksijeni ndani yake. Baadaye ikabainika kuwa sivyo. Ulimwengu mzima umeendelea na majina hayo bila kudhurika. Ni kweli, lakini majina hayo hayadhuru kwa sababu moja tu: msomaji wa leo hasikii tena maana ya kale ndani yake. Kwake ni sauti tupu zilizojazwa maana na mwalimu. Damu chafu si sauti tupu. Kila Mswahili huisikia na kuielewa kabla mwalimu hajafungua kinywa, na aliyoielewa siyo.

Huenda msomaji akaona kwamba huu ni ubishi wa wanaistilahi tu. Basi na tuliangalie jiko la mkaa. Katika nyanda za baridi kama Njombe na Makete, au Limuru kule Kenya, watu huliwasha nje, wakangoja mkaa ukolee na moshi uishe, ndipo wakaliingiza chumbani walale na joto. Hufanya hivyo kwa kuwa wameonywa juu ya moshi, nao wanaliheshimu onyo. Moshi ukishakwisha, hewa ni safi: haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Lakini mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuswa, na hemoglobini ya damu huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko iishikavyo oksijeni. Mtu aliyelala anaendelea kupumua. Kifua kinapanda na kushuka, moyo unapiga, damu inazunguka, na damu yenyewe ni nyekundu ya kung'aa, yaani safi kabisa kwa mujibu wa kitabu. Kumbe seli zake zinakosa oksijeni na anakufa. Onyo lisemalo "epuka hewa chafu chumbani" halimkingi mtu huyo, kwani kwa macho na pua yake hewa chafu haimo. Onyo hilo halikosi sarufi wala adabu. Limekosa nomino. Mtumishi wa idara ya afya aandikaye tangazo la namna hiyo hapana budi aitaje kaboni monoksaidi kwa jina lake, aongeze kwamba haionekani wala hainuki, na aseme kwamba mkaa uliokolea huitoa vilevile.

Kuhusu chakula, neno la pili katika sentensi yetu, hatuna haja ya kukawia. Chakula ni ugali, samaki na mchicha. Kilichomo katika damu ni glukosi, asidi za amino, mafuta, chumvi na vitamini. Tunalo jina zuri la jumla lenye asili ya rutuba, na wakulima wanalijua. Kama tuandike virutubisho au virutubishi, sarufi yaruhusu yote mawili, kwani kiishio -o chaweza kutaja chombo cha kutendea kama katika kifuniko, na kiishio -i hutaja kitendaji. Mwandishi huyu hupendelea virutubishi, ili virutubisho vibaki kuwa jina la vidonge na unga wa kuongezea lishe. Lililo muhimu ni kwamba kijitabu kimoja kisitumie yote mawili kwa kitu kimoja.

Mshipa wahitaji nafasi zaidi, maana ni neno lililochoka kwa kubebeshwa. Kwa Mswahili, mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, na aliyekazwa shingo husema mshipa umemvuta. Huko mwambao mtu akisema kwa sauti ya chini kwamba ana mshipa, hazungumzii ateri wala neva. Anazungumzia ngiri au busha, na mwuguzi mwenye busara humpeleka faraghani. Si haki kulilaumu neno kwa hilo. Mshipa ni neno la mwili mzima unaouma, nalo linafaa pale mgonjwa anapojieleza. Kosa ni la mfasiri aliachaye peke yake katika maandishi ya kitaalamu. Mshipa wa damu uandikwe hivyo kwa ukamilifu, au ateri, vena na kapilari zitajwe kila moja. Mshipa wa fahamu uwe neva. Nimeona tafsiri za vijitabu vya tiba ambamo sindano hutakiwa kuingizwa "katika mshipa" bila neno la kuongezea, na ni bahati tu kwamba anayeishika sindano kwa kawaida amefundishwa kwa vitendo.

Sasa tufike kwenye kila sehemu ya mwili, maneno yasiyo na hatia kwa kuyatazama. Hapa ndipo sentensi yetu hukatika. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba damu hufika mpaka kwenye seli na kuzimiminia mzigo wake, kama mfereji umwagiao maji shamba. Sivyo. Mtu akiwa mzima, damu haitoki katika mishipa yake; huenda na kurudi ndani ya mifereji iliyofunikwa pande zote, na seli za misuli, ngozi au ini haziigusi.

Jambo hilo liliwasumbua hata waanzilishi. William Harvey alipochapisha kitabu chake juu ya mzunguko wa damu mwaka 1628, aliweza kuthibitisha kwamba damu hutoka kwa ateri na kurudi kwa vena, lakini hakuona inapita wapi kutoka upande huu hadi ule. Kiungo hicho kilionekana mwaka 1661, Harvey akiwa amekwisha kufa, Marcello Malpighi alipotazama pafu la chura kwa hadubini na kuona kapilari. Jina lake lina asili ya Kilatini na maana ya unywele, lakini kwa hakika unywele ni mnene mno: kapilari ina upana wa sehemu 5 hadi 10 za elfu ya milimita, na seli nyekundu za damu hupita humo kwa mstari mmoja, aghalabu zikijikunja. Ukuta wake ni tabaka moja tu la seli. Vitabu vyetu vingi huiita mishipa midogo midogo. Maneno hayo hayatoshi, kwa sababu yanaeleza ukubwa na kuacha kazi. Ateri ndogo nayo ni mshipa mdogo, lakini ukuta wake ni mnene na hauachii kitu kipite kwa wepesi. Kapilari ndiyo mahali pa kubadilishana, na jina hilo geni lastahili kupokewa, mradi lielezwe mara ya kwanza litajwapo.

Kupitia ukuta huo mwembamba, maji ya damu huchujwa yakatoka yakiwa na virutubishi, huku seli nyekundu na sehemu kubwa ya protini zikibaki ndani. Oksijeni nayo huachwa na hemoglobini, ikavuka ukuta. Vyote huingia katika maji yaliyojaa katika nafasi zilizo kati ya seli, na seli huchukua mahitaji yake kutoka katika maji hayo. Kwa mtu mzima wa kimo cha wastani maji hayo hufikia lita 10 hadi 12, yaani zaidi ya mara 3 ya plazma iliyomo ndani ya mishipa yake yote. Ni ajabu kwamba kitu kikubwa kiasi hicho hakina jina lililokubalika katika Kiswahili cha shule. Wengine huandika giligili ya tishu. Wengine hukimbilia maelezo marefu. Walio wengi hukiruka.

Pendekezo langu ni maji ya tishu, bila kuunda neno jipya. Najua kwamba baadhi ya wenzangu huona maji ni neno la jikoni, lisilo na heshima ya istilahi. Lakini Waswahili wamekwisha kuyaita hivyo. Mkulima aliyeshika jembe siku nzima na kutokwa na lengelenge kiganjani husema lina maji, wala hasemi lina damu. Maji hayo ni jamaa wa karibu wa maji ya tishu: yametoka katika damu na kutuama nje ya mishipa. Mtoto mwenye kwashakoo akivimba miguu, mama yake husema imejaa maji, na kweli ni maji yaliyokusanyika kati ya seli. Mwalimu akianza hapo hatahitaji picha ya kuchapwa.

Na maji hayo yana njia ya kurudi. Sehemu kubwa hurejea katika damu. Yaliyosalia huokotwa na mishipa ya limfu na kurudishwa karibu na moyo. Watu wa mwambao wameishi na ushahidi wa jambo hilo kwa vizazi vingi. Minyoo ya filaria iletwayo na mbu huharibu mishipa ya limfu, maji yakakosa njia, mguu ukavimba mpaka ukawa matende. Mwanafunzi wa Tanga au Unguja ameyajua matende kabla ya kujua neno limfu, lakini sentensi yetu haimpi pa kuyaweka, kwa kuwa ndani yake damu peke yake ndiyo huenda na kurudi.

Limebaki swali la jinsi oksijeni ipitavyo. Wafasiri hutumia hupenya, huingia, au husema seli huifyonza. Kupenya kwadai nguvu na tundu. Kufyonza kwadai mdomo. Oksijeni haina nguvu ya kusukuma wala seli haina mdomo wa kufyonzea. Hutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo, na kwa kuwa seli huitumia bila kukoma, ndani ya seli ni kidogo daima. Kiswahili kina kitenzi kinacholieleza jambo hilo barabara. Udi ukifukizwa pembeni mwa chumba, harufu husambaa mpaka pembe ya pili bila mtu kupepea. Basi huo ni usambaaji. Wanaotumia difyusheni hawakosei, ila wanalo tatizo la kila siku: jina hilo halina kitenzi, na mwalimu hawezi kusimama mbele ya darasa siku nzima akitaja nomino. Kusambaa hufaa kwa safari fupi tu, kwani umbali ukiwa mara 2, muda huwa mara 4. Ndiyo maana seli chache mno mwilini zimekaa mbali na kapilari kupita sehemu moja ya kumi ya milimita. Konea ya jicho, ambayo ni lazima iwe angavu na kwa hiyo haina mishipa ya damu, hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake moja kwa moja kutoka hewani kupitia machozi.

Hata hivyo kusambaa kusipewe kazi isiyo yake. Glukosi haisambai tu kuingia katika seli. Huvushwa na protini maalumu zilizo katika utando wa seli, na katika misuli na mafuta uvushaji huo husubiri insulini. Mgonjwa wa kisukari ana glukosi tele katika damu, na seli zake hizo haziipati ipasavyo. Mtu aliyefundishwa kwamba damu hupeleka chakula kila sehemu ya mwili ataelewaje hali hiyo? Atasema, kama wasemavyo wengi, kwamba sukari imezidi kwa kuwa amekula sukari, basi aache chai tamu na mambo yataisha. Hapa kuvusha ndilo neno, nalo lafahamika kwa kila aliyewahi kupanda kivuko Kigamboni au Likoni: abiria hawi ng'ambo kwa sababu tu amefika gatini.

Ndani ya seli, oksijeni na glukosi hutumika kutoa nishati, na hapo twakutana na neno gumu kuliko yote. Vitabu vingine huita kazi hiyo upumuaji wa seli. Pumua, kwa Mswahili, ina pumzi, pumu na pumziko ndani yake. Ni kifua kinachotembea. Aliyelala karibu na jiko la mkaa alikuwa akipumua vizuri, na lililokwama lilikuwa ndani ya seli. Kuyapa mambo hayo mawili jina moja ni kuificha tofauti iliyomwua. Mimi, ambaye nimetetea maji na udi na kivuko, hapa nasimama upande wa neno la kigeni: upumuaji ubaki kifuani, na kazi ya seli iitwe respirisheni. Kwa shule za msingi yaweza kusemwa kwamba seli huunguza sukari polepole bila moto, kama Lavoisier mwenyewe alivyolinganisha pumzi na uunguaji.

Sentensi mpya, basi, yaweza kuwa hivi: damu huchukua oksijeni na virutubishi hadi katika kapilari, humo hutoka na kuingia katika maji ya tishu, na seli huvipokea kutoka katika maji hayo, oksijeni kwa kusambaa na glukosi kwa kuvushwa. Watumishi wanaoandaa mabango watalalamika kwamba ni ndefu, na malalamiko hayo yana haki yake, kwani bango lina upana wake na herufi hazina budi zionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Likikosekana nafasi, na yakatwe maneno juu ya glukosi, au hata juu ya kapilari. Maji ya tishu yasikatwe, na hewa safi isirudishwe kwa kisingizio cha kuokoa nafasi: neno oksijeni lina herufi nane, na hewa safi lina nane vilevile.